Bustani ya Mwalimu wa Kwaya

Mwalimu wa kwaya alikuwa na koti moja la suti, la kijivu, na alilivaa kwa kila jambo aliloliona la maana. Kanisani, bila shaka. Kwa daktari. Alilivaa hata alipozungumza kwa simu na watu wa umeme, ambao hawakuwa wakimwona. Na Jumamosi, alipokwenda kwenye duka kubwa la vifaa vya ujenzi kununua miche ya maua, alilivaa akafunga vifungo vyote, hata kama ni Januari na jua la Sydney linachoma mpaka lami inanata viatuni.

"Dada," aliniambia nilipomuuliza, "unaenda kuchukua kitu yenye iko na uhai, utaenda na singlet?"

Nilikuwa mpangaji katika ile nyumba ndogo ya uani ambayo wenyeji huiita granny flat, nyuma ya nyumba aliyopanga yeye na mkewe kule Lidcombe. Mimi ni Mkenya, nauguza wazee kwa zamu. Wao walikuwa Wakongo wa Uvira. Jina la Mwalimu lilitoka kwenye kwaya ya kanisa lao la Bankstown, aliyoifundisha miaka mingi. Siku za kazi aliendesha forklift ya kuinulia mizigo kwenye ghala moja Ingleburn, na huko hakuna aliyemwita Mwalimu. Huko aliitwa mate, yaani rafiki kwa Kiingereza cha huku, jina alilolipokea kwa heshima kwa kuwa alisikia hata bosi akiitwa hivyo hivyo.

Kati ya mlango wangu na dirisha la jikoni lao palikuwa na kamba ya kuanikia nguo, kibanda cha bati na kiwanja cha udongo. Chochote kilichofanyika pale nilikiona nikitaka nisitake, na mara nyingi nilitaka.

Kiwanja hicho kilikuwa cha mkewe. Nilimwita Mama, kama walivyomwita wote. Alilima matembele, lengalenga, yaani mchicha wa kwao, na maharage yaliyopanda mpaka kwenye kamba yangu ya nguo. Niliwahi kufika kazini na ua la maharage mfukoni, na mgonjwa wangu mmoja akalichukua akaliweka kwenye glasi ya maji. Mama hakuwa mtu wa maneno mengi, ila akiwa na jembe mkononi alizungumza na kila kitu, hadi na bati.

Kisha mama yake akafariki kule Uvira. Vita vilikuwa vimeziba njia, na hakuna aliyeweza kusafiri. Mzee yule akazikwa na majirani waliokuwa bado hawajakimbia. Sisi tukaweka matanga Lidcombe, kama ilivyo ada: viti vya plastiki vya kanisa, sufuria kubwa, godoro sebuleni, na mimi nikisukuma chapati mpaka vifundo vya mikono vikauma. Wanaume walikaa uani wakakanyaga lengalenga lote. Matanga yalipoisha na watu kuondoka, Mama aliosha sufuria, akazipanga, akafunga mlango wa nyuma.

Tangu hapo hakutoka tena kwa mlango ule. Kanisani alikwenda, sokoni Bankstown alikwenda, lakini kwa mlango wa mbele. Uani hakutia mguu. Matembele yakakauka, majani yakarudi kudai shamba lao. Siku moja nilipokuwa nikinywa chai jikoni kwake nilimuuliza, na akanijibu bila kuinua macho.

"Mama yangu walimutupia udongo watu wengine," akasema. "Mikono yangu haikugusa ile udongo. Sasa nitagusa ya mboga?"

Mchungaji alimshauri aende kwenye makaburi makubwa ya Lidcombe, ambayo yako karibu, akatupe udongo kidogo pale kama ishara. Mama alimsikiliza vizuri, akamkaribisha chai, akamwambia kwamba pale hamna mama yake. Mchungaji akanywa chai.

Mwalimu alitaka kitu kimoja tu, na alinieleza wazi tukiwa tumesimama kwenye kamba ya nguo, yeye akinisaidia kushika ncha moja ya shuka. "Mboga tunaweza kununua," akasema. "Mimi nataka tu atoke inje." Kisha akajifanya anakunja shuka.

Hapo ndipo alipoanza mambo ya ndege.

Mama aliwahi kumsimulia kwamba nyumbani kwao, nyuma ya jiko, palikuwa na kichaka cha maua mekundu, na kwenye kichaka hicho alikuja yule ndege mdogo ambaye sisi tunamwita chozi, mwenye mdomo mrefu uliopinda, akinyonya maua. Mama yake, mwanamke ambaye hakuacha jembe kwa mvua wala kwa homa, alikuwa akiliacha kumtazama ndege yule. Mwalimu akakata shauri: ndege huyo atakuja Lidcombe, na Mama atatoka.

Sasa, shuleni kwao kitabu cha Kifaransa kilimwonyesha ndege mdogo mwenye mdomo mrefu na chini yake kimeandikwa colibri, naye akaamini maisha yake yote kwamba ndiye yule wa Uvira. Akatafuta colibri kwenye simu. Akampata mwanamke mmoja wa Amerika anayefundisha kupanda bustani ya kuvuta ndege wavumaji, wale wanaosimama hewani kama wametundikwa kwa uzi. Akamfuata hatua kwa hatua: maua mekundu, maua yenye shingo ndefu, miche ya aina moja ikae pamoja, na chupa nyekundu ya maji ya sukari itundikwe kivulini.

Binti yao, ambaye anafanya kazi kwenye duka la dawa na huelewa Kiswahili chote lakini hujibu kwa Kiingereza, alimweleza baba yake kwa upole kwamba ndege wa kwenye video hayuko Afrika wala Australia, na yule wa Uvira hayuko Sydney.

"Hata sisi hatukuwa tunakaa Sydney," akasema Mwalimu.

Maji ya sukari yalileta msafara wa chungu. Baada ya chungu wakaja wale ndege wa kijivu wenye mabaka ya manjano usoni, ambao hapa Sydney wanajiona wenye mji na hufukuza kila chenye mabawa. Baada yao akaja kasuku mweupe mwenye kishungi, akaitazama chupa, akaing'oa na tawi lake, akaondoka nayo. Mwalimu alisimama na koti lake akitazama. "Bon," akasema, "huyu alikuwa na kiu." Kesho yake hakutundika nyingine, na mimi nikashukuru, kwa kuwa chungu walikuwa wameshafika kwenye sukari yangu.

Alikuwa mtu wa misimamo, na misimamo yake haikupatana. Alisema mtu mwenye heshima hali chakula barabarani. Lakini nje ya lile duka, kila wikendi, watu wa kujitolea huchoma soseji na kuzitia kwenye mkate kwa ajili ya shule au timu ya mpira, na Mwalimu hakupita hata siku moja bila kununua. Alisema hicho si chakula, ni mchango. Aliuombea mchango huo pale pale, kofia mkononi, kwa Kifaransa, foleni ikimsubiri, kisha akaumaliza kwa tonge tatu na kufuta haradali kwenye koti kwa kitambaa alichokibeba kwa kazi hiyo.

Alipenda kusema mvumilivu hula mbivu. Aliwaambia hivyo wanakwaya, aliniambia mimi nilipokuwa nasubiri majibu ya kazi, alimwambia dereva wa treni kupitia dirishani treni ikiwa imekwama. Lakini mbegu akishazipanda alizifukua kuona zimefikia wapi. Alizichungulia, akazifunika, akaziombea, akazifukua tena. Nilimwambia hata mimi nikifunuliwa shuka kila asubuhi sitaota chochote. Alicheka sana, akaendelea kufukua.

Na alikuwa mwoga wa mijusi. Huku kuna mjusi mmoja mnene, mfupi wa miguu, mwenye ulimi wa buluu, hana sumu, hana haraka, hula konokono na kuota jua. Huyo alihamia kwenye bustani ya Mwalimu. Siku moja niliporudi kutoka kazini nilimkuta Mwalimu amesimama juu ya kiti katikati ya maua, koleo kifuani, akiimba wimbo wa kanisa sauti ya nne, besi kabisa, na mjusi yupo chini anamsikiliza. Niliuliza amekaa hapo tangu lini. Akaniambia tangu ubeti wa kwanza. Nikamwondoa mjusi kwa ufagio. Mwalimu akashuka, akarekebisha tai, akanieleza kwamba yeye hakuogopa, alikuwa anampa nafasi.

Mengi ya bustani yalikuwa mabaya, nasema ukweli. Maua ya kivulini aliyapanda juani. Mgrevilea, mti ambao kwetu Kenya tumeupanda mipakani miaka yote tukidhani ni wetu kumbe kwao ni huku, aliununua ule mfupi wa maua mekundu akaupanda chini kabisa ya dirisha la jikoni, karibu kugusa kioo, ili Mama aone vizuri. Miche mingine aliipanga kwa mistari kama kwaya, mifupi mbele, mirefu nyuma.

Mama alikuwa anatazama kutoka dirishani, kimya. Miezi ikapita hivyo. Halafu alasiri moja Mwalimu akachukua mche, akachimba shimo, akaushusha ndani pamoja na kopo lake la plastiki, akaanza kufukia.

Dirisha likafunguka.

"Papa," akasema Mama. "Toa kwanza ile plastiki."

Mwalimu akasimama wima. Akautoa mche, akavua kopo, akaupanda upya. Dirisha likafungwa. Nilikuwa naanika sare zangu, nikajisemea loo, kumbe mzee huyu kweli hajui kulima hata kidogo.

Kesho yake akapanda mwingine na kopo lake.

Dirisha likafunguka tena. "Papa. Nilisema nini jana?"

Mara ya tatu nilimfuata kwenye kibanda, nikamuuliza kama anaumwa. Akafunga mlango wa bati nyuma yetu.

"Dada, mimi nimelima mihogo tangu niko mutoto. Unafikiri sijue plastiki haiote?"

Kisha akanieleza, na hapo nikakumbuka kitu nilichokiona kanisani kwao siku niliyoalikwa kwenye mazoezi. Sauti ya pili ilikuwa na akina mama wenye haya, wanaimba kama wanaficha kitu mdomoni. Mwalimu hakuwakaripia. Aliimba yeye mwenyewe sauti ya pili, akaikosea vibaya mno, akaikosea tena kwa raha, macho amefumba, mpaka mama mmoja akashindwa kuvumilia akaiimba sawasawa kwa nguvu ili amnyamazishe. Wengine wakamfuata. Ndiyo njia yake. Mtu ukimwambia imba, ataona haya, alisema. Ukimharibia wimbo anaoupenda, atasahau haya zake.

"Kwanza nilikosa kweli," akasema. "Ile ya plastiki ya kwanza, nilikuwa nawaza mambo ingine. Lakini alifungua dirisha. Wiki nyingi alikuwa hajasema kitu kwa ile dirisha. Sasa mimi niache kukosa, juu ya nini?"

Nilimpenda sana mzee yule siku hiyo. Sikumwambia, kwa sababu angevaa koti.

Basi akaendelea kuharibu, na akaharibu kwa bidii. Alimwagilia saa sita mchana. Alipogoa matawi yenye vichipukizi akaacha makavu. Aliweka mbolea ya kuku mbichi kwa wingi hata mimi nikafunga madirisha yangu. Na Mama alisema. Mwanzo neno moja moja, baadaye sentensi, baadaye hotuba nzima akiwa ameegemeza viwiko dirishani, na mwishowe akaleta mti wa ufagio wa kuonyeshea. "Hapana pale. Pale. Uko unaona wapi? Kushoto. Papa, kushoto yako iko wapi?" Rangi ilimrudia usoni. Alianza kupika sombe tena, ile mboga ya majani ya mhogo, na kuniletea kwa mlango wa mbele, akizunguka nyumba nzima kupitia barabarani na kichochoro cha nyuma, bakuli mkononi, ili asikanyage uani. Mlango wangu na wake wa nyuma inatazamana.

Hapo ndipo ilipokwama. Dirishani alifika, uani hakufika. Bustani ikaanza kupendeza bila Mwalimu kupenda, kwa kuwa kila kosa lilisahihishwa, na yeye akaanza kuishiwa na makosa. Nilimwona ameketi kwenye kiti chake jioni, anautazama mgrevilea uliojaa maua, amenuna kama mtu aliyedhulumiwa. Na ndege hakuna, ila wale wa kijivu.

Kisha nilipata chumba karibu na kazi, nikahama. Walinisindikiza hadi kwenye gari, Mama akanipa sombe kwenye sufuria yake, na Mwalimu akafanya maombi marefu hadi dereva akazima injini.

Nilirudi Jumapili moja ya masika ya huku, baridi ikiwa imeisha, baada ya kanisa, kurudisha ile sufuria. Nilikaa nayo muda mrefu kupita adabu. Nikamkuta Mwalimu uani, bado na nguo za ibada. Alikuwa amezeeka kidogo. Mama alikuwa jikoni amebandika chai ya maziwa motoni, akanisalimia kupitia dirishani kwa habari za nyumbani, za kazi, za mama yangu. Nikajibu nzuri, nzuri, nzuri, naye akafunga dirisha akarudi kwenye chai. Nilimuuliza Mwalimu kwa sauti ya chini kama Mama ameshatoka uani. Akatikisa kichwa.

Ndege akaja wakati huo. Sikumwona akitua, kwa sababu hakutua. Alikuwa mdogo, kifua cha rangi ya kutu na alama nyeupe kooni, mdomo mrefu uliopinda kama sindano ya kushonea magunia, na alikuwa amesimama hewani mbele ya ua la mgrevilea akipiga mabawa. Si chozi. Baadaye nilisoma kwamba ni wa huku huku, wa ukoo mwingine kabisa. Lakini kama ungeniambia ni wa Uvira, nisingekubishia.

Mwalimu aliinua mkono kama anavyoisimamisha kwaya. Nyuma ya kioo Mama alikuwa ameacha kijiko na anatazama. Uso wake ulikuwa karibu kabisa na yule ndege, na hakupepesa.

Wale wa kijivu wakamwona. Wakashuka wanne watano kwa makelele, na ndege mdogo akageuka kukimbilia mahali pa wazi, na mahali pa wazi palipokuwa karibu palikuwa kioo cha dirisha, chenye picha ya mbingu ndani yake. Tulisikia kishindo kidogo tu. Akaanguka chini ya mgrevilea.

Mwalimu alipiga magoti akamwokota. Alimshika kwenye viganja muda mrefu, akimpulizia.

"Amekufa," akasema.

Kisha akanyanyuka akachukua koleo, akaanza kuchimba shimo pembeni ya ukuta. Nilikuwa nimemwona akikosea makusudi kwa muda mrefu, kwa hiyo nilijua tofauti. Safari hii hakuwa akikosea makusudi. Koleo lilikuwa likigonga mzizi pale pale, na shimo halikuwa shimo.

Mlango wa nyuma ukafunguka.

Mama akatoka. Alikuwa na kitenge chake cha kanisani na malapa ya ndani. Akashuka ngazi, akapita kati ya miche bila kuitazama, akasimama mbele ya mumewe.

"Hii ni fupi," akasema. "Paka itafukua."

Akamnyang'anya koleo. Akasogea kando ya mzizi, akachimba kwa mapigo machache, akaliweka koleo chini, akapiga magoti akamalizia kwa vidole. Akamchukua ndege kutoka kwa Mwalimu, akamfunga kwa ncha ya kitambaa cha jikoni alichokuwa amekishika, akamlaza. Kisha akachota udongo kwa mkono wa kulia, akaushikilia hewani, na mkono wake ukakaa hapo mpaka nikadhani hatautupa.

Akautupa. Akachota mwingine akatupa.

"Mama," akasema, si kwa ndege.

Akalia. Alilia kwa sauti, kilio kile ambacho siku za matanga tulikingoja hakikuja, na jirani wa upande wa pili akatokeza kichwa juu ya uzio akakirudisha. Katikati ya kilio akatugeukia. "Tupeni na ninyi," akasema. "Kule walikuwa watu kidogo." Nikatupa. Mwalimu akatupa, machozi yakimshuka kwenye tai bila kuyafuta.

Akainama amnyanyue, kama tunavyowanyanyua wafiwa.

"Niache kwanza," akasema Mama, mikono yote miwili ikiwa ndani ya udongo hadi vifundoni.

Akamwacha. Akaketi chini kando yake, na mimi nikaingia jikoni kuzima moto, maana chai ilikuwa inafurika.